Nthenya na Geti la Bluu

Nthenya wa Miasenyi haulizi njia. Ukimwelekeza mara moja amekwisha kujua, na kama hakujua, atajua mbele ya safari. Mwaka juzi alimpeleka binti yake, Mwende, kwa daktari wa macho Mombasa, wakaishia kwenye foleni ya watu wanaotafuta pasipoti. Walikaa hapo saa nzima, wakisogea kiti hadi kiti, mpaka Mwende, ambaye ndiye aliyekuwa na macho mabovu, aliposoma kibao ukutani.

Mimi ni jirani yake. Nauza maji na soda kando ya barabara kuu, kibanda cha tatu kutoka chake, na haya nayasimulia kwa ruhusa yake. Kuna sehemu aliniomba niziruke. Sikuziruka.

Kwa miaka kumi na miwili Nthenya aliwapikia madereva wa malori chai, chapati na maharagwe. Chapati zake zilikuwa laini, zenye matabaka, na madereva walikuwa wakipiga honi tangu Maungu ili awaandalie. Baadaye mizigo mingi ikaanza kwenda kwa treni na malori yakapungua. Siku nyingine alikanda unga wa watu hamsini akalisha kumi na wawili, na sisi majirani tukawa tunakula chapati asubuhi, mchana na jioni ili asione vibaya. Nilinenepa mwaka ule.

Ndipo dereva mmoja, Obadiah, mtu wa makamo kutoka milima ya Taita, akamwambia, "Mama Mwende, dada yangu ana kazi ya upishi pale Voi. Anapikia watu wa semina, matanga, sherehe. Anatafuta mtu wa mkono mwepesi. Nimpe namba yako?"

Dada yake Obadiah anaitwa Susan Mghoi, lakini Voi yote humwita Mama Wendy. Alipiga simu siku ya Alhamisi. Alikuwa na sauti nzito, sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno.

"Jumamosi, saa moja kamili asubuhi. Vaa sketi nyeusi, uje na aproni. Ukishuka Voi ingia Mwakingali, pita msikiti, kata kulia, utaona geti la bluu. Masufuria yatakuwa nje. Umeshika?"

"Nimeshika, Mama."

"Ukipotea, uliza kwa Mama Wendy wa upishi. Kila mtu ananijua."

"Mimi siwezi potea," akasema Nthenya.

Siku ya Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa amesimama barabarani na mkoba wake, na saa kumi na mbili na nusu akashuka Voi, nusu saa nzima kabla ya wakati. Aliingia Mwakingali, akapita msikiti, akakata kulia, na mbele yake palikuwa na geti la bluu lililofunguliwa wazi. Nje ya geti kulikuwa na masufuria matano yamepinduliwa mchangani, makubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kuogea ndani. Moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya nyumba. Mwanamume mmoja alikuwa akifagia mbele ya duka lake hapo karibu. Nthenya alimwamkia vizuri, akampita.

Baada ya msikiti ule, njia za kukata kulia ni mbili. Mama Wendy alikuwa na maana ya ile ya pili. Hii ya kwanza inaelekea nyumbani kwa Mzee Abdulghani, na Jumamosi ile Mzee Abdulghani alikuwa anaoza binti.

Uani palikuwa na wanawake wengi. Wengine waliosha mchele, wengine walimenya kitunguu thomu. Katikati yao, juu ya kigoda, alikaa mama mmoja mwenye ushungi na miwani, akielekeza watu kwa kidole. Huyo alikuwa Bi Salme, shangazi yake bibi harusi, na upishi wote ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa akimngoja mpishi kutoka Taveta, mwanamke aliyesifiwa na binamu yake, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kumtia machoni.

"Ndiwe mpishi?" akamwuliza Nthenya.

"Ndio mimi, Mama."

Bi Salme akatazama saa kwenye simu. "Umechelewa, mwanangu. Tulisema mara tu baada ya sala ya alfajiri."

Nthenya alikuwa ameambiwa saa moja, na saa moja ilikuwa bado dakika ishirini. Lakini siku ya kwanza mtu hajibizani na mwajiri. "Nisamehe, Mama. Ni barabara."

"Haya, si neno. Kaweke mkoba wako chumbani kule, ujifunge leso, uje tuanze na vitunguu. Huko kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, Mama."

Basi, ukiacha ile barabara, hapakuwa na neno la uwongo lililosemwa na yeyote. Ni kweli sauti ya kwenye simu ilikuwa nzito na hii ilikuwa laini, lakini Nthenya alijiambia kwamba simu yake ni ya zamani na humfanya kila mtu asikike kama ana mafua. Alipotoka chumbani amevaa aproni, dada mmoja alimvua kwa upole, akamfunga leso ya manjano yenye maua mekundu, sawasawa na walizovaa wenzake wote. Nthenya akaona hiyo ni sare. Akafurahi kwamba ameandikwa na watu wenye mpango.

Wakampa gunia la vitunguu. Ninyi hamjamwona Nthenya akikata kitunguu. Hatazami chini. Anaongea na wewe, anakuangalia usoni, na kisu kinakwenda peke yake kama cherehani. Alipofika nusu gunia, wanawake wawili waliacha thomu wakaja kutazama. Bi Salme mwenyewe alisogeza kigoda.

"Mashaallah," akasema. "Na hulii?"

"Nilimaliza kulia zamani, Mama. Kitunguu sasa kinanijua."

Saa mbili wakaletewa chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Wafanyakazi wote wakakaa mkekani, wakala. Nthenya aliwahesabu: wanawake kumi na wanane. Baada ya kula mmoja akageuza ndoo akaipiga kama ngoma, wengine wakaimba, na mmoja akainuka akacheza kidogo, kisha wakarudi kazini wakicheka. Nthenya alikuwa hajawahi kuona kazi ya namna hii. Alianza kujilaumu kwa nini ametumia miaka kumi na miwili kuvuta moshi wa malori.

Kulikuwa na mambo machache yaliyomtatiza. Msichana mmoja, aliyepakwa hina mpaka viwiko, alipitishwa uani akiwa ameshikwa huku na huku kama yai. Mtu mwingine angeuliza huyo ni nani. Nthenya alifikiri, akaamua mwenyewe kwamba huyo ndiye binti wa mwenye kazi.

"Wendy, hujambo?" akamwamkia.

Msichana akamtazama, akatabasamu. "Sijambo, mama." Siku kama ile watu wanakuita majina mengi.

Halafu nyama ikaingia motoni, na Bi Salme akaleta sinia la viungo: bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga, vyote vimepangwa kwa mafungu. "Haya, fundi," akasema, "tutie kiasi gani?"

Hapa Nthenya aliingiwa na baridi. Maisha yake yote alikuwa ametia chumvi, kitunguu na nyanya. Hata iliki aliijua ya kwenye chai tu. Alilitazama sinia, akamtazama Bi Salme, akasema kwa heshima, "Kile kiasi chenu cha kawaida, Mama. Nisije nikawabadilishia ladha."

Bi Salme akawageukia wenzake. "Mmesikia? Fundi wa kweli hana maringo." Akatia viungo yeye mwenyewe, na Nthenya akapewa kazi ya kuvitwanga vilivyobaki, mpaka vumbi la iliki likamkaa kwenye nyusi.

Ilipogonga saa tatu na nusu, geti likasukumwa akaingia mwanamke mnene, anatweta, begani amebeba mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

"Bi Salme ni yupi? Nisameheni, jamani. Mimi ni Nasiha, mpishi wa kutoka Taveta. Gari letu liliharibika Maktau, tumesukuma, tumengoja, basi tu."

Bi Salme akamtazama. Kisha akageuka taratibu akamtazama Nthenya, aliyekuwa amepakata kinu.

"Ikiwa huyu ndiye Nasiha," akasema Bi Salme, "wewe mwanangu ni nani?"

"Mimi ni Nthenya. Nimetoka Miasenyi. Ndio mfanyakazi mpya wa Mama Wendy."

"Mama Wendy ni nani?"

Nthenya aliweka kinu chini. Aliangalia leso yake, akaangalia ile ndoo iliyogeuzwa, akaangalia mlango wa chumba alikoingizwa yule msichana wa hina. Anasema mambo yote yalimwingia kichwani kwa pamoja, kama watu wanaogombania mlango.

"Hii si kampuni?" akauliza kwa sauti ndogo. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu ashuke Voi.

"Mwanangu," akasema Bi Salme, "hapa ni arusini."

Nani alianza kucheka hakujulikana. Mmoja alilalia gunia la mchele akashindwa kuinuka. Bi Nasiha wa Taveta aliegemea mwiko wake, machozi yakamtoka, na uchovu wa Maktau ukamwisha. Bi Salme peke yake hakucheka, walau si wakati ule. Alimshika Nthenya mkono akamwuliza alitakiwa kufika wapi na saa ngapi, na aliposikia saa moja, akapiga kelele kuelekea ndani: "Mtoleeni huyu mkoba wake!"

Mkoba ulikuwa chumbani kwa bibi harusi, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa ndani, kwa kuwa aliyekuwa akimpamba alikuwa kwenye kope na hataki mtu amtikise mkono. Nthenya alisimama mlangoni robo saa. Mkoba ulipotoka, simu ilikuwa na miito kumi na tisa, yote ya Mama Wendy. Wa mwisho ulikuwa wa saa tatu kasoro dakika tano. Alipiga. Haikupatikana.

"Nipe hiyo namba na mimi," akasema Bi Salme, akaiandika. Akamfungia mahamri kwenye karatasi, akampa mkononi. "Kimbia. Njia ya pili, si hii. Na ukifika kwenye geti, uliza."

Nthenya alikimbia. Kwenye njia ya pili kulikuwa na geti jingine la bluu, dogo, limefungwa, na nje hapakuwa na sufuria hata moja. Aliyefungua ni mzee Mwandawiro, baba mkwe wa Mama Wendy, amevaa fulana na kofia ya sufu, redio imebanwa kwapani.

"Wameenda," akasema mzee. "Chawia. Kuna mwalimu anaagwa, amestaafu. Wameondoka saa tatu."

"Mama Wendy aliacha neno lolote kwangu? Mimi ndiye Nthenya."

"Aliacha."

"Alisemaje, mzee?"

"Alisema ukija nikwambie urudi kwenu."

Nthenya akasimama hapo. Hakulia. Anasema alifikiria jiko lake la Miasenyi, alilokuwa amelifunika bati jana yake akasema kwaheri kwa sauti, na sisi majirani tuliomsindikiza mpaka barabarani tukiwa na furaha kidogo, kwa sababu tulikuwa tumechoka na chapati. Mzee akapunguza redio.

"Lakini mimi ni mzee," akasema. "Naweza kuwa nimesahau kukwambia. Ukipanda boda sasa hivi, utawakuta hawajapakua."

Basi akapanda boda. Dereva aliitwa Hudson, naye alikuwa mtu wa maneno mengi, na kutoka Voi mpaka Mwatate alimsaidia Nthenya kutunga sababu ya kuchelewa. Walijaribu ugonjwa wakauacha, kwa kuwa mgonjwa hapandi boda kwenda milimani. Walijaribu msiba wakaogopa. Walipokuwa wakikata kona za kupanda Chawia, upepo ukiwa baridi na mashamba ya mahindi yakiwa chini kama ngazi, Hudson akasema, "Sema ndovu."

"Ndovu?"

"Ndovu walikuwa barabarani. Hapa kwetu hiyo haina mtu wa kuipinga. Mimi mwenyewe shule nilitumia ndovu mpaka kidato cha tatu."

Wakakubaliana ndovu.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu, aliyeitwa Mwalimu Nicholas. Mahema mawili yalikuwa yamefungwa kwenye kiwanja kidogo kilichochongwa mlimani, na hotuba zilikuwa zimeshaanza. Nyuma ya nyumba, kwenye moshi, wanawake watatu wenye sketi nyeusi na aproni nyeupe walikuwa wakihangaika. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, mikono imejaa unga, aligeuka. Nthenya hakuhitaji kuambiwa.

"Mama Wendy," akasema, "mimi ni Nthenya. Nisamehe sana. Ni ndovu."

"Ndovu." Sauti ilikuwa ileile ya simu. Kumbe simu haikuwa na makosa.

"Walifunga barabara pale Maungu. Hawakutaka kutoka."

"Walikuwa wangapi?"

Nthenya hakuwa amejiandaa kwa hesabu. "Kama kumi na wanane hivi."

Mama Wendy akafuta mikono kwa aproni. Alimzunguka Nthenya polepole, akaitazama leso ya manjano yenye maua mekundu, ambayo Nthenya alikuwa amesahau kabisa kuivua. Pindoni iliandikwa kwa herufi kubwa: HONGERA BIBI HARUSI. Kisha akasogeza pua karibu na bega lake.

"Hao ndovu wa Maungu," akasema, "siku hizi wanagawa leso?"

Nthenya akaficha pindo la leso kwa mkono.

"Na wananukia iliki."

Wale wanawake wengine wawili walikuwa wameinamia masufuria, mabega yanatetemeka. Hapo Nthenya akaona uwongo hauna tena pa kukaa, akasema yote: geti, masufuria, vitunguu, sare, mbaazi, ngoma ya ndoo, mpishi wa Taveta. Hata ile ya Wendy na hina aliisema, na hiyo ni moja ya zile sehemu alizotaka niziruke. Mama Wendy alisikiliza huku akiendelea kukata madonge ya unga. Hakucheka, wala hakukunja uso.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "umemaliza gunia la vitunguu la watu usiowajua, na mimi hapa tangu asubuhi nimekuwa nikilia na kisu."

"Ndio, Mama."

"Na harusi yenyewe ni ya nani?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Hukuuliza." Mama Wendy alivuta pumzi. "Namba yangu ulikuwa nayo. Jina langu ulikuwa nalo. Ungemwuliza hata kuku. Siwezi kufanya kazi na mtu ambaye sijui saa moja atakuwa kwenye jiko la nani. Masufuria yale pale, osha, ule, halafu jioni nitakurudisha Voi. Jumatatu nitatafuta mtu mwingine."

Nthenya akaenda kwenye masufuria. Maji ya Chawia ni baridi kama ya friji. Aliosha la kwanza na la pili, na alipokuwa kwenye la tatu akasikia kitu kinachomuuma mtu wa kazi yake kuliko kufukuzwa, nacho ni harufu ya chapati inayoungua. Mwanamke aliyekuwa kwenye chapati alikuwa ameitwa kubeba sahani, na chapati moja kwenye karai ilikuwa inageuka mkaa. Nthenya aliigeuza. Akaona donge limekaa, akalisukuma. Akaona makaa yamelundikana upande mmoja, akayapanga. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemkataza. Walikuwa wameagizwa chapati mia nne, na mpaka saa sita walikuwa hawajafika mia mbili.

Akahamishia karai la pili kwenye jiko lililokuwa wazi. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unageuza. Mama Wendy alipita mara moja na sinia la kabeji, akatazama, akapita. Akapita mara ya pili bila kubeba kitu. Akachukua chapati moja kutoka juu, akaikunjua matabaka yake kwa vidole, akala kipande, akaondoka nayo.

Wageni walikuwa wameanza kupakuliwa simu ya Mama Wendy ilipoita. Huko nyuma ya nyumba mtandao hushika mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, kwa hiyo alisimama hapo, hatua tatu kutoka kwa Nthenya, na maneno yake yakasikika yote.

"Ndio, ni mimi... Bi Salme? Shikamoo... Eeh, amefika... Amenieleza... Hapana, si tabu... Gunia zima? Ameniambia... Eeh." Huko upande wa pili Bi Salme alikuwa akieleza, kama alivyotueleza sisi baadaye, kwamba mwanamke yule ana mikono ya baraka na moyo mweupe, kwamba kosa lilikuwa la geti, na kwamba ikiwa Mama Wendy hamtaki asimwache akarudi Miasenyi. Yeye ana mpwa mwenye mkahawa pale sokoni ambaye angemchukua leo hii, kabla ya magharibi.

Mama Wendy alijinyoosha. "Hapana, Bi Salme," akasema. "Asante, lakini hapana. Huyu ni wangu. Nimemwandika mimi, tangu Alhamisi."

Akakata simu. Akaja mpaka kwenye jiko, akasimama.

"Vua hiyo leso," akasema. "Watu wataniuliza harusi iko wapi. Aproni yako iko wapi?"

"Kwenye mkoba, Mama."

"Vaa."

Nthenya akavaa. Hayo tu ndiyo yaliyosemwa kuhusu kazi, siku ile na siku zilizofuata. Chapati zilifika mia nne na kumi. Mwalimu Nicholas, ambaye alikuwa ameagwa na wasemaji kumi na mmoja, kila mmoja akiahidi kuwa mfupi, alikuja nyuma ya nyumba kuwashukuru wapishi na kuomba chapati mbili za kufungiwa. Akaanza kuwahutubia kidogo, kwa mazoea, mpaka mkewe akamshika mkono akamrudisha.

Jioni walishuka na pikapu, masufuria yakigongana nyuma. Nthenya alikaa mbele, katikati ya dereva na Mama Wendy. Walipofika Mwatate baridi ikapungua, na Mama Wendy akanusa hewa.

"Kuna nini kwenye mkoba wako?"

"Mahamri. Bi Salme alinifungia."

"Yapo mangapi?"

"Sita."

Walikula mawili mawili na dereva. Mama Wendy alipangusa vidole, akasema mahamri haya yana iliki nyingi mno, kisha akauliza kama Bi Salme alisema anatia kiasi gani. Nthenya akakiri kwamba hilo nalo hakuliuliza.

Sasa ni mwaka wa pili. Nthenya na Mwende wamepanga chumba Voi, na Mwende amepata miwani, anasoma sekondari ya kutwa na anarudi nyumbani kila jioni. Sisi wa Miasenyi tumepungua kilo. Bi Salme naye huwaita akina Mama Wendy kwenye shughuli zake, kwa upande wa chapati tu, maana pilau hawaachii watu wa milimani. Nthenya na Mama Wendy hugombana karibu kila wiki kuhusu chumvi, na mara moja hawakusemezana kuanzia Wundanyi hadi Mwatate. Kuna semina nyingine Jumamosi hii, watu mia mbili, na wenye redio wanasema kutakuwa na mvua. Jana walikuwa wanatafuta turubai la kukodi.